Barabara Hukaguliwa Mvuani

Ninyi mlioajiriwa juzi kwenye halmashauri, mnaopita hapa kwangu Masuguru na pikipiki za kazi na kuniamkia vizuri, kaeni kidogo. Mkubwa wenu ameniomba niwaeleze jinsi sisi wa zamani tulivyokuwa tunaboresha huduma. Nilimjibu kwamba enzi zetu hatukuwa na neno hilo. Tulikuwa na barabara, tulikuwa na mvua, na tulikuwa na watu waliotukasirikia. Nitawaeleza hayo, na huko kuboresha mtakuona wenyewe humo ndani.

Mimi ni Mhina, Mzigua wa Handeni, na maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mtu wa barabara za udongo. Nilianza kama kibarua kwenye barabara ya kupanda Dindira, milimani juu ya Korogwe, muda si mrefu baada ya Uhuru, nikamaliza kama msimamizi huko kwetu Handeni. Hapo katikati nimeshika beleshi kiasi kwamba hata leo nikishika kijiko cha uji, mke wangu ananiambia nisichote kama kifusi.

Kazi yenyewe niliipata bila kuitafuta. Nilishuka Korogwe kutafuta kibarua cha mkonge, nikakuta watu wamejipanga kwenye uwanja wa ofisi, nami nikajipanga, maana mtu wa kijijini akiona mstari hudhani mwisho wake kuna kitu. Mwisho wake kulikuwa na mzee mfupi, Msambaa, mwenye koti la mvua lililopauka mabegani. Huyo ndiye Mzee Shemhilu, mnyapara wa genge la barabara. Neno mnyapara lilikuwa limeanza kunuka wakati ule, watu wakimwita kiongozi, lakini yeye akisema mwiteni vyovyote ilimradi mtaro uwe safi.

Akaniangalia mikono, akauliza, "Unajua kulima?"

"Najua, mzee."

"Basi ukifika kwangu usahau. Mkulima anataka maji yakae. Mimi nataka yaondoke."

Kwa mtu wa Handeni hilo ni gumu kuliko mnavyofikiri. Sisi tumekua tukiomba mvua, tukifuata maji mbali, tukiyaficha kwenye mitungi kama siri. Mvua yangu ya kwanza kule milimani niliona maji yanateremka bure kando ya barabara, mengi, mekundu, hayana mwenyewe. Nilikimbia kuchukua debe nikalikinga. Genge zima lilicheka mpaka Mzee Shemhilu akalazimika kukaa chini. Tangu siku hiyo nikaitwa Debe, na wapo wazee Dindira ambao mpaka wanafariki hawakulijua jina langu jingine.

Shemhilu alinifundisha kazi vizuri sana, nataka mlijue hilo kabla sijafika kwenye mgogoro. Alinifundisha kwamba toroli hupakiwa mzigo mbele, juu ya gurudumu, wala si karibu na mikono yako, maana gurudumu halichoki. Alinifundisha kwamba beleshi linanolewa kama kisu, na kwamba asiyenoa beleshi huzeeka kabla ya mkewe. Alinifundisha kutega sikio kwenye mdomo wa karavati, yaani lile bomba la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Likiwa wazi maji hupita yakiongea. Likiwa limeanza kuziba, huguna. Akisikia lile guno alikuwa anasema, "Huyu ameshakula vibaya," na anatuma mtu aingie kumtapisha.

Jambo moja tu hakutufundisha, kwa sababu na yeye hakufundishwa: la kufanya mvua inaponyesha. Mvua ikinyesha tulijificha. Magenge yote yalifanya hivyo. Pale juu palikuwa na kibanda cha kupimia majani ya chai, chenye bati na benchi, nasi tulikimbilia humo, tukachoma mahindi na kusimuliana uongo. Mvua ikikata tunatoka na sururu na majembe, tunakuta barabara imechimbika, tunafukia. Wiki ijayo imechimbika palepale, tunafukia palepale. Tulikuwa kama mtu anayekuta mbuzi ameliwa kila asubuhi, naye kila asubuhi anarekebisha mlango wa mbele, hajawahi hata siku moja kukesha aone fisi anapitia wapi.

Sasa, kwenye kona moja iliyokuwa na mikaratusi, palikuwa na karavati lililotusumbua kuliko yote. Mtaro uliolilisha maji aliuchimba Mzee Shemhilu mwenyewe na watu wake wa zamani. Ulikuwa mtaro wa kujivunia: mrefu, wenye kina, umenyooka kama umechorwa. Ulikusanya maji yote ya kipande kile cha mlima, ukayapitisha kwenye karavati, ukayamwaga upande wa chini. Wageni kutoka ofisini wakija, mzee aliwapeleka kuuona.

Lakini karavati lile lilikuwa linaziba. Kila mvua mbili tatu tulilikuta limejaa mawe na vipande vya mgomba. Tukasema ni watoto. Tukasema ni matingo wa malori ya chai, wanatupa mawe ya kuzuia magurudumu. Tunazibua, linazibwa. Maji yakikosa njia hupanda juu ya barabara, na pale juu hukata udongo kama msumeno.

Siku moja mchana, katikati ya mvua, mzee akakumbuka kwamba sururu mpya imeachwa barabarani. Akanituma. Nikajifunika gunia nikaenda. Kufika kwenye kona ya mikaratusi nikamkuta mwanamke amesimama kwenye mtaro, maji yakimfika magotini, kanga ameifunga kiunoni, anasukuma kipande cha mgomba ndani ya karavati kwa kisigino.

Nikamwamkia kama nilivyolelewa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia, na kisigino hakikusimama.

"Mama, unafanya nini?"

"Kazi."

"Kazi yangu mimi ni kuzibua hapo."

"Na yangu ni kuziba. Wewe unalipwa na bado unakuja jua likiwaka. Mimi silipwi na ninakuja mvuani. Sasa mwambie mkubwa wako, kati yetu nani ana bidii."

Yeye aliniangalia vizuri, akaona kijana aliyelowa na gunia kichwani, nadhani akanionea huruma. Akasema, "Njoo uone, usije ukasema nina wazimu."

Alikuwa anaitwa Mama Eliza. Shamba lake lilikuwa chini ya barabara, kwenye mteremko: migomba, magimbi, maharage katikati. Nilikuwa nimepita juu yake kila siku ya kazi na sikuwahi kuinamia kingo nikatazama chini. Maji ya mtaro wetu yalitoka kwenye karavati kama fahali anayetoka zizini, yakaanguka shambani, na pale yalipoanguka yalikuwa yamechimba korongo ambalo ningesimama ndani yake nisionekane. Korongo lilikuwa linakula kuelekea nyumbani. Akanionyesha mahali jiko lake lilipokuwa zamani. Palikuwa hewani. Jiko jipya alikuwa amelijenga nyuma ya nyumba.

Kando ya korongo, si mbali na ukingo, palikuwa na kaburi lenye msalaba wa mti.

"Jiko nimelihamisha," akasema. "Mume wangu nitamhamishaje?"

Niliirudisha sururu nikamweleza Mzee Shemhilu, wote tukiwa pale kibandani. Nilidhani atainuka. Hakuinuka. Aliendelea kugeuza hindi lake kwenye makaa, akasema, "Barabara ni ya watu wote. Shamba ni la mtu mmoja."

"Mzee, lakini korongo lenyewe limefika..."

"Debe. Mtaro ule umeiweka barabara hii wazi toka kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Kesho ukazibue."

Msimhukumu haraka. Maneno yale yalikuwa ya wakati wake. Tulikuwa tumeambiwa tujenge nchi, na kila mtu alikuwa anaombwa atoe kitu kwa ajili ya wote, na wengi tulitoa tukiwa na furaha. Ni rahisi sana, ukiwa unajenga nchi, kumsahau mtu ambaye nchi inamwagikia shambani. Nikazibua. Mama Eliza akaziba. Nikikutana naye namwamkia, ananiitikia, kila mmoja anaendelea na kazi yake.

Masika yale yakaja kwa nguvu. Ilinyesha mchana kutwa, nasi tuko kibandani, na tulipotoka tulikuta barabara kwenye kona ya mikaratusi imekatika nusu. Lori la majani ya chai lilikuwa limejaribu kupita kwenye ile nusu iliyobaki likalala ubavu mtaroni. Dereva alikuwa mzima. Tingo, kijana wa watu, alikuwa ameshika mkono wake uliovunjika, ametulia kabisa, anatazama majani yaliyomwagika kama anayeogopa ataambiwa ayaokote.

Safari hii halikuwa jambo la genge tena. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Alikuwa mtu mwenye sauti na mwenye haraka, na siku zile kulikuwa na neno kubwa ambalo likimshika mtu halimwachii: mhujumu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba aliyeziba karavati amehujumu chai, na chai ni uchumi, na mwenye kuhujumu uchumi anajulikana anakopelekwa. Kila mtu alijua ni nani. Waliokuwa wanasubiriwa kusema ni sisi.

Asubuhi ya mkutano, Mzee Shemhilu alinikuta nafunga viatu. Ilikuwa inanyesha manyunyu. Akasema tu, "Twende ukanionyeshe."

Tukashuka pamoja. Mama Eliza alikuwa mlangoni, hakutusogelea. Mzee alitembea ukingoni mwa korongo toka juu mpaka chini, akarudi. Akapiga magoti pale maji yanapoanguka, akapima kina kwa mpini wa jembe, mpini haukufika. Akaenda kwenye kaburi, akavua kofia. Nilimwona anatazama juu, kwenye mtaro wake ulionyooka, nikajua anaona kitu ambacho kutoka barabarani hakionekani. Mtu aliyechimba kitu vizuri na kukipenda, halafu akalazimika kukitazama kutoka upande ule, anaumia. Wala sikuona raha kwamba nilikuwa nimesema kweli.

Kwenye mkutano mwenyekiti alimsimamisha mbele ya watu. "Ndugu Shemhilu, wewe ndiye mwenye barabara. Unamfahamu aliyeziba karavati?"

"Namfahamu. Ni Mama Eliza, yule pale."

Watu wakaguna. Mama Eliza hakuinamisha kichwa.

"Na aliyeyapeleka maji shambani kwake," mzee akaendelea, "ni mimi. Hamkuniuliza hilo lakini nalisema. Yeye alianza kuziba mwaka juzi. Mimi nilianza kumchimba kabla ya Uhuru. Kama ni kupelekwa mbele, tupelekeni wote, na mimi nitangulie kwa sababu nimemtangulia kwa kosa."

Si rahisi kumwita mhujumu mtu ambaye amelala kwenye matope ya barabara yako nusu ya maisha yake.

Aliyetuokoa wote hapo ni msimamizi wa ujenzi aliyekuja na Landrova kutoka ofisini, kijana aliyesomea chuo cha ufundi, jina lake Mbwana. Huyu nilimpenda sana. Zamani tulimwita Bwana Mbwana. Lilipokuja Azimio la Arusha na kila mtu akawa ndugu, tukamwita Ndugu Mbwana, naye akatuambia, "Mmenivua ubwana mmoja, wa pili umekwama kwenye jina, mnisamehe." Ndugu Mbwana akasimama, wala hakuhutubia. Alimgeukia Mama Eliza akauliza, "Mama, ungekuwa wewe, maji haya ungeyapeleka wapi?"

Nimekaa serikalini miaka mingi. Swali hilo nimelisikia mara chache.

Mama Eliza akafikiri. "Upande wa pili wa kona. Kuna kijito kule. Maji yaende kwa wenzao."

"Tujaribu," Mbwana akasema, na kesi ikaishia hapo. Tingo alikwenda kutibiwa na mkono ukaunga. Lori lilivutwa. Sisi tukaanza kuchimba.

Msidhani kwamba kuanzia hapo mambo yalikwenda vizuri. Tuligeuza mtaro kuelekea kijitoni. Mvua ya kwanza ikabomoa ukingo wa barabara upande ule, na tope lote likaingia kwenye chemchemi ambako nusu ya kitongoji walichota maji ya kunywa. Wanawake walikuja na ndoo za maji mekundu wakaziweka mbele yetu. Na nani mwingine alikuja? Mama Eliza, na jembe lake begani. Alitazama chemchemi, akatutazama sisi, akasema, "Hapa nilikosea mimi. Tuanze kufukia."

Akafukia na sisi mpaka jioni. Kuanzia siku ile genge lilimwamkia kwa moyo.

Tulipokaa kupumzika, Ndugu Mbwana alisema chuoni walifundishwa kwamba maji mengi mahali pamoja ni adui, lakini maji yaleyale yakigawanywa ni watoto. Badala ya mtaro mmoja mkubwa kuyakusanya yote, ichimbwe michirizi midogo mingi, kila mmoja utoe maji kidogo kwenye majani. Akasema umbali kati ya mchirizi na mchirizi umeandikwa kwenye kitabu, ila kitabu kilitungwa na watu ambao hawajafika Dindira.

"Basi nani anajua umbali?" nikauliza.

Mzee Shemhilu ndiye aliyejibu, na alijibu akiangalia mikono yake. "Maji yanajua. Ila lazima ukayaulize yanapopita."

Mvua iliyofuata alitoka kibandani. Alijitupia lile koti lake lililopauka, akachukua jembe, akaenda barabarani akasimama katikati ya mvua. Tulimtazama kupitia mlangoni. Halafu mmoja akatoka, halafu mwingine. Mimi nilikuwa wa tatu, nasema ukweli, hindi langu lilikuwa linakaribia kuiva. Tukamkuta amechuchumaa, anaweka jani kavu juu ya maji na kulifuata. Jani likianza kukimbia, anachoma kijiti ardhini. "Hapa ndipo yanapopata hasira," anasema. "Tuyatoe kabla ya hapa." Tukaweka vijiti barabara nzima, tumelowa hadi kwenye mifupa. Mvua ilipokata tukawa na ramani ambayo hakuna ofisi iliyokuwa nayo.

Michirizi ilifuata vijiti vile. Mingine ilikuwa mizuri, mingine tuliihamisha. Mama Eliza alipanda matete mahali maji yalipotokea, maana matete yanayapunguza maji mwendo, na akagawa mbegu kwa majirani. Korongo hatukuweza kulifukia, lakini liliacha kula. Lilikaa hapohapo, likaota majani, baadaye akapanda migomba ndani yake. Alisema migomba ya korongoni ndiyo mizuri kuliko yote, na kwamba halmashauri isije ikadai sehemu yake.

Mtaro wa zamani Mzee Shemhilu aliufukia mwenyewe. Tulitaka kumsaidia, akakataa.

Baada ya masika yale ikawa kawaida yetu. Kila Jumamosi kabla ya kuachana, mzee aliuliza kila mtu: wiki hii maji yamefanya nini? Jibu la "hakuna" halikukubaliwa. Tulikuwa na mwenzetu mmoja mvivu, Juma, ambaye alijibu kwa dhihaka, "Yamelowesha kofia yangu." Mzee hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza, "Ulikuwa wapi?" Kumbe alikuwa amejificha kwenye banda la zana. Tukaenda kuangalia, tukakuta paa linavuja moja kwa moja juu ya mabeleshi, na ndiyo maana yalikuwa yanaota kutu. Tukaliziba. Juma aliona fahari mwezi mzima kwamba uvivu wake umeokoa mali ya umma.

Na watu wakaanza kutuita. Tukipita tunasimamishwa: mchirizi huu unalowesha njia ya shule, tuta hili linawaangusha wenye mizigo ya kichwani. Mengine hayakuwa ya kwetu. Yupo mzee aliyetulalamikia kwamba vumbi la barabara limembadilisha mkewe tabia. Tulimsikiliza naye. Mtu akikuletea lalamiko amekuletea macho yake bure. Siku akiacha kulalamika, usifurahi, nenda ukaone kama ameanza kuziba karavati.

Shemhilu alipostaafu, mimi nikahamishiwa Handeni. Ilikuwa wakati ule watu wanahamia vijiji vipya, na kila kijiji kilitaka barabara jana. Nikapewa genge langu mwenyewe. Nilikwenda nimejaa Dindira kichwani. Niliwapanga wale vijana siku ya kwanza nikawaambia kwamba mvua ikinyesha tutatoka nje pamoja. Wakatazamana. Mmoja wao, Sekiboko, mtu mrefu mwenye uso usiocheka, akasema, "Mvua gani, mzee?"

Alikuwa na haki. Ilikaa miezi bila kunyesha. Ilipokuja nilitoka peke yangu, wenzangu wakanitazama wakiwa chini ya turubai ya lori kama nilivyomtazama yule mzee wangu. Sikuwalazimisha. Ningeweza, nilikuwa mkubwa wao, lakini mtu uliyemlazimisha kutoka mvuani huwa anaangalia saa, haangalii maji. Mvua ya pili nikatoka peke yangu tena. Ya tatu, Sekiboko alikuja na gunia akanitupia kichwani. "Ukifa kwa homa," akasema, "watatuletea msimamizi mwingine, na huenda huyo akawa mbaya zaidi." Kisha hakurudi kwenye turubai. Alibaki amesimama.

Shida yetu ya Handeni ilikuwa ya namna nyingine. Kule mto ni mchanga mtupu mwaka mzima, halafu siku moja unakuja na mvua ya watu wengine, iliyonyesha mbali usikokujua. Mahali barabara ilipokata mto mmoja wa namna hiyo tulikuwa tunajenga njia ya mawe ili magari yasizame. Mimi niliiinua juu ya mchanga, imara, nzuri, na kila mto ukija unaibomoa kwa chini. Niliijenga upya mara kwa mara, kila mara imara zaidi. Kuna kina mama wa kijiji kipya ng'ambo ya pili waliokuwa wanakwenda zahanati kwa njia hiyo na watoto mgongoni, na njia ikibomoka walibaki ng'ambo wakisubiri mto uchoke. Hilo lilikuwa linanikosesha usingizi.

Jumamosi moja nikauliza swali la Shemhilu: wiki hii maji yamefanya nini? Sekiboko akasema, akitazama chini, "Yamebomoa kazi yako. Na yataendelea."

Wenzake wakashtuka. Hakuna aliyezoea kumwambia msimamizi hivyo.

"Kwa nini yaendelee?"

"Kwa sababu unajenga ukuta. Huku si Dindira, mzee. Mto huu ukikutana na ukuta unaruka na kuchimba upande wa pili. Nimeutazama toka utotoni. Mawe yalazwe sawa na mchanga, kama mkeka. Mto upite juu yake bila kujua kwamba kuna kitu."

Nilikuwa nimeijenga njia ile kwa mikono yangu na niliipenda. Nikajiuliza Mzee Shemhilu alihisi nini pale kwenye kaburi, na kwa mara ya kwanza nadhani nilimwelewa.

"Unaweza kulaza mawe hivyo, sawasawa na mchanga?" nikamuuliza.

"Sijawahi. Ningejaribu." Akasita. "Utaniacha nijaribu?"

"Nitakushikia kamba."

Jumatatu nikaubomoa ukuta wangu pamoja nao, kisha nikashika ncha ya kamba ya kupimia, yeye akaenda na ncha ya pili hadi ng'ambo. Akanielekeza, "Shusha kidogo. Bado. Hapo." Nikashusha. Vijana walipoona msimamizi anashusha kamba kwa amri ya kibarua, walianza kutoa maoni, na wengine maoni yao yalikuwa ya kijinga kabisa, na tuliyasikiliza. Tukalaza mawe mwezi mzima wa jua.

Mto wa kwanza ulipokuja ulipita juu ya mkeka wetu na kuondoa ncha ya upande wa kushoto tu. Kina mama walivuka maji yalipopungua. Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikiwaza jinsi nitakavyowatia moyo, maana kazi mpya ikibomoka hata kidogo watu huvunjika moyo. Nilipofika nikakuta wameshatangulia. Walikuwa wamekunja suruali, wamesimama mchangani kwenye ile ncha iliyovunjika, wanabishana kama watu wa familia moja. Juma wa Dindira hakuwepo wa kuwachekesha, Shemhilu hakuwepo wa kuwauliza. Sekiboko anasema jiwe kubwa liende pembeni, mwingine anasema hapana, pembeni ziende mbao za mti mgumu, wa tatu amechuchumaa anafuata kwa kidole mahali maji yalipogeukia.

Nilisimama karibu yao nikasubiri. Kwa kawaida yetu, mkubwa akifika kila kitu husimama mpaka aamkiwe. Siku ile hakuna aliyeniamkia mpaka walipomaliza.